Nkambule wa Okteni Anashuka Mnarani

Nina miaka sabini na sita. Nimedumu kuliko mameneja wote walionikemea, mashimo mawili ya makaa ya mawe, na meno yangu. Kwa hiyo hapa Mpumalanga nani mwingine wa kuandika habari za Vusumuzi Nkambule, anayestaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye mnara wa okteni?

Makaa tunayageuza gesi, gesi inakuwa mafuta, na humo okteni, kimiminika kinachoipa plastiki uimara, imejificha katikati ya ndugu zake wanaochemka kwa joto linalokaribiana na lake. Kuitenga kunataka mnara mrefu na mtu mwenye subira. Subira alikuwa nayo Nkambule. Mimi nilikuwa na kilo mia na ishirini.

Mwaka wa kwanza alikuja mnunuzi, Bwana Swart, ambaye sote tulimwita Meneer, na dharau zake. Okteni ya makaa, alisema, ni chafu, haitoi plastiki ya maana. Asiponunua, mnara unafungwa na sisi sote tunarudi shimoni, kulekule ambako vumbi lilimla kifua baba yake Nkambule.

Nkambule hakubishana. Alileta karatasi ya plastiki iliyotiwa okteni yetu kidogo tu, unene wake kama mfuko wa mbolea, akaifunga kwenye ndoano ya winchi kama bembea. Akanigeukia mimi, mzee wa kikosi.

"Madala, panda."

"Kwa nini mimi?"

"Nikimpandisha mwembamba, Meneer atasema tumemdanganya."

Nikapanda. Plastiki ikavutika, ikavutika, makalio yakakaribia sakafu, wenzangu wamejishika mbavu. Haikuchanika. Nikaagiza chai nikiwa humohumo. Swart akaizunguka, akaichokoa kwa kidole, akaichokoa tena.

"Mshusheni huyo kabla hajalala," akasema. "Nanunua."

Tangu siku ile okteni yetu inashuka Durban, inavuka bahari. Imo kwenye mifuko ya maziwa, kwenye sabuni, kwenye mafuta ya injini. Na katika kikosi chetu hakuna aliyerudi shimoni, hata mmoja. Vijana wanaoshika mnara leo wote kawafunza yeye, isipokuwa ukaidi, huo wameupata kwangu.

Asante, Nkambule. Nenda kapumzike na kifua chako kizima, ule uji wako wa mahindi taratibu, ufurahie wajukuu.

Anayebisha amwulize Swart, yuko hai kule Ermelo. Au aende kwa MaSibiya, mke wa Nkambule. Plastiki ile anafunikia mahindi yake mpaka leo, na umbo la makalio yangu bado limo.