Mtoto Aliyezaliwa Chumba cha Bethania

Ndugu zangu wa Jilore, na ninyi wageni wetu mliotoka Marafa, nawasalimu kwa jina la Yesu. Kama si Yeye, leo mngekuwa mnasimulia habari zangu na mimi sipo. Asifiwe! Semeni tena kwa nguvu, asifiwe!

Jina langu ni Dama, wengi mnaniita Mama Sidi. Niliolewa hapa na Katana, mtu mpole, fundi wa kuezeka makuti, tukajaliwa binti mmoja, Sidi. Mama yangu mzazi alikuwa mkunga kule Marafa. Tangu usichana wangu nilimfuata nyumba kwa nyumba, nikajifunza kupokea watoto, na nilipoolewa huku nikaendelea na kazi hiyo. Baadhi yenu mlioketi hapa, watoto wenu walishikwa na mikono hii kabla ninyi wenyewe hamjawashika.

Kisha ukaja mwaka wa themanini na nne, ule mwaka wa ukame tuliokula unga wa manjano wa msaada. Mnaukumbuka. Mahindi yalikauka yakiwa hayajafika magotini, ng'ombe wakawa mifupa mitupu. Katikati ya shida ile, Katana wangu alirudi kutoka kazini anatetemeka kwa homa. Tulimfikisha hospitali, lakini homa ilikuwa imekwisha kumpanda kichwani. Akafa.

Ndugu zangu, kufiwa ni uchungu, lakini mimi hata nafasi ya kulia sikupewa. Matangani, shemeji yangu Kahindi, kaka mkubwa wa marehemu, alisimama mbele ya watu akaninyooshea kidole. Alikuwa ametoka kwa mganga.

"Huyu ndiye aliyemla ndugu yangu," akasema. "Mikono inayoshika damu ya wazazi kila siku, mnadhani inaifanyia nini damu hiyo?"

Hakuna aliyenitetea. Tangu siku ile nikawa mchawi. Nikifika kisimani, wanawake wanajitwika madebe yao wanaondoka, hata yakiwa hayajajaa. Nikipika, hakuna anayeonja. Nikimsalimia mtoto, mama yake anamvuta. Wakaja wakamchukua na Sidi wangu, wakasema atalelewa na bibi yake. Alikuwa ng'ambo tu ya shamba la mihogo! Nilimsikia akiimba huku anatwanga, lakini nikikaribia anaingizwa ndani na mlango unafungwa. Na Kahindi alitangaza waziwazi kwamba mavuno yakipita nami bado nipo, nyumba yangu itachomwa nikiwa ndani. Mnajua wenyewe kwamba maneno kama hayo huku kwetu si mzaha.

Mtaniuliza, mbona hukuondoka? Ningeondokaje na kumwacha Sidi?

Basi akaja Mama Mchungaji. Alinikuta nimeketi kizingitini, nimekonda, nywele sijazichana.

"Dama," akasema, "akina mama tunakwenda Malindi kwa kongamano. Nawe umo."

"Mama, hakuna atakayekubali kukaa na mimi."

"Hilo mwachie Mungu. Fungasha nguo zako."

Hoteli tuliyofikia haiko mbali na ufuo. Si zile za matajiri, wala si gesti za vichochoroni. Ni hoteli ya kadiri, safi, na wenyewe ni waumini. Aya za Biblia zimechorwa ukutani kwa rangi ya buluu, na vyumba havina namba, vina majina: Galilaya, Gosheni, Bethania. Pombe hakuna, ni soda na madafu. Kabla ya chakula hupigwa kengele, wote wakasimama kuomba, hata Wataliano waliokuja kuota jua wanasimama na kaptula zao! Nami sikuwa nimewahi kulalia shuka nyeupe. Juu ya kitanda palikuwa na feni inazunguka, nikaiogopa isije ikanikata. Cheka tu, ndugu yangu, mimi mwenyewe nacheka leo.

Lakini siku ile sikucheka. Msimamizi alikuwa akigawa funguo, akasoma, "Dama na Kache, chumba cha Bethania." Ndugu zangu! Huyo Kache ni mke wa Kahindi, na alikuwa na mimba kubwa. Aliurudisha ufunguo mezani kana kwamba umemuunguza.

"Mimi na huyu? Afadhali nilale ufuoni na kaa!"

"Vyumba vimejaa, dada," msimamizi akamjibu. "Kumebaki jikoni tu, na mpishi wetu Bi Mwanakombo hapendi mtu jikoni kwake."

Basi tukaingia. Kache alisogeza kitanda chake hadi ukutani, akalala amenipa mgongo, Biblia ameiweka juu ya tumbo ili nisimdhuru mtoto. Niliiona Biblia ile ikipanda na kushuka kwa pumzi zake, nikalia kimyakimya. Nikamwambia Mungu, hata humu, kwenye nyumba iliyoandikwa jina lako kila ukuta, mimi bado ni mchawi?

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, akina mama wote walikwenda ufuoni kuimba. Mimi nilibaki, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuandamana nami. Kache naye alibaki chumbani, akisema mgongo unamuuma. Msimamizi alikuwa ametoka na gari la hoteli kuwapeleka wageni Bofa, huko Kilifi. Nimeketi barazani, mara nikasikia ukelele. Ukelele ule naujua, kwa maana nimekua nao.

Nikaingia mbio. Kache yuko sakafuni, maji yamemwagika.

"Usinishike!" akapiga kelele. "Dama, usinishike!"

"Kache, mtoto anakuja."

"Nitafutie mtu mwingine! Mtu yeyote!"

Nikatoka mbio. Hoteli nzima, ukiacha Wataliano bustanini nisiojua lugha yao, nikamkuta mtu mmoja, Bi Mwanakombo mpishi, mama mtu mzima wa Mambrui, Mwislamu. Alikuja na mikono inanukia vitunguu.

"Mimi nimezaa tu, mwanangu, kuzalisha sijui," akaniambia. "Wewe wajua?"

"Najua, Bi. Lakini ananiogopa. Wanasema mimi mchawi."

Akanitazama kutoka juu hadi chini. Kisha akapiga magoti, akamshika Kache mkono.

"Mwanangu," akasema, "mwogope huyu kesho. Leo mwache akuzalishe."

Kache akafumba macho, akatikisa kichwa kukubali.

Nami niwaambie kweli, niliogopa kuliko yeye. Nilijua mtoto akifa mikononi mwangu, sitapata tena mtu wa kunisikiliza duniani, na Sidi sitamwona milele. Shetani akaninong'oneza: toka, waache, useme hukuwapo. Nikamkemea! Nikamwambia, mama yangu hakunifundisha kumwacha mzazi sakafuni. Nikanawa, nikashika kazi.

Mtoto akatoka, wa kike. Kitovu kimemzunguka shingoni, mwili umebadilika rangi kama zambarau, na kimya. Nikakifungua kitovu. Nikampangusa kinywa, nikamsugua mgongo, nikampulizia pumzi kidogokidogo, kama alivyokuwa akifanya mama yangu. Kimya. Nyuma yangu nasikia Bi Mwanakombo, "Ya Rabbi! Ya Rabbi!" Nami nasema, "Yesu! Yesu!" Kache ananitazama tu usoni. Nikampulizia tena. Nikasema, Bwana, usininusuru mimi, mnusuru huyu, hajamkosea mtu.

Akapiga chafya!

Ndugu zangu, chafya ndogo kama ya paka! Kisha akalia, akalia, hata Wataliano wakatoka bustanini kuja kuchungulia. Haleluya! Bi Mwanakombo akapiga kigelegele kilichosikika mpaka ufuoni, akina mama wakaja mbio na mchanga miguuni. Walipofika mlangoni, mtoto amefungwa leso yangu, yuko kifuani kwa mama yake.

Bi Mwanakombo akaleta uji wa mchele uliotiwa nazi. Mama mmoja akanyoosha mkono ampokee bakuli, Kache akamzuia.

"Mpe Dama," akasema. "Nataka Dama anilishe."

Nikamlisha. Uji unadondoka kwenye shuka, naye anafungua kinywa mbele yao wote. Mama Mchungaji alipiga magoti palepale mlangoni akaanza kulia.

Gari liliporudi walimpeleka hospitali, daktari akasema mama na mtoto ni wazima. Na kongamano lilipokwisha tukarudi Jilore pamoja, Kache akanishika mkono mpaka kwao. Kahindi alikuwa ameketi uani na mama yake, yaani mama mkwe wangu. Aliponiona akainuka kwa ghadhabu. Kache hakumpa nafasi.

"Kahindi, keti. Mtoto wako huyu alitoka hana pumzi. Dama alikuwa naye mikononi, wengine wote wako mbali. Kama ni mla watu, mbona hakumla? Mbona alimrudisha?"

Kahindi akamtazama mtoto. Akanitazama mimi. Mama mkwe wangu hakungoja aseme. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka amemshika Sidi mkono. Mtoto wangu alisimama kwanza, ananiangalia kama mgeni. Kisha akaruka! Tulianguka chini wote wawili, tumekumbatiana, vumbi tupu, na sikutaka kuinuka.

Jumapili iliyofuata Kahindi alisimama humu kanisani akayafuta maneno yake kwa kinywa chake, na wengi wenu mlikuwapo. Yuko pale dirishani. Simama, shemeji, usione haya! Na huyo aliyembeba anaitwa Dama. Walimpa jina langu, jina ambalo watu waliogopa hata kulitaja. Mnamwona Mungu wetu? Mnamwona?

Namshukuru Yesu aliyenipa uhai. Namshukuru Mama Mchungaji. Namshukuru na Bi Mwanakombo, na kila nikishuka Malindi napita jikoni kwake kumwamkia, naye hanifukuzi.

Wewe uliyebandikwa jina lisilo lako, ukakaa ndani ukaamini kwamba hata Mungu amekubali, nakuomba usimwache. Njoo kwake leo, mbele hapa, pamoja na machozi yako. Analijua jina lako la kweli. Na wewe ambaye kijijini kwenu kuna mjane asiyekula na mtu, usimwombee ukiwa mbali. Ukitoka hapa nenda kwake. Keti mkekani pake, nawa mikono, ule.