Mkate Alioung'ata Elyor

Basi letu lilipotoka stesheni ya treni ya Margilani, mama mmoja alikuwa ameketi mbele yangu, mkate mapajani, umeng'atwa mara moja tu. Jirani yake alikuwa amepakata mfuko mkubwa wa nguo chafu, na ndiyo sababu nilifungua dirisha.

"Umemsindikiza mwana, dada?" aliuliza mwenye mfuko.

"Elyor, kifungua mimba wangu. Kaenda chuo Tashkenti. Kaung'ata, kaniachia. Nitautundika ukutani mpaka arudi aumalize."

"Lakini mkate wenyewe umeungua! Nani kakuuzia?"

"Kauoka mwenyewe."

"Mtoto wa kiume, kwenye tanuri? Yarabi!"

"Ni mama mkwe wangu huyo. Kamfundisha kuoka, kufua, mpaka kushona kifungo. Nilinuna mwaka mzima, nikasema anamgeuza mwanangu kijakazi. Jana mtoto kapanga sanduku lake mwenyewe, mimi nimekaa tu na mikono yangu. Nikamwendea bibi kizee, nikambusu mikono. Mungu ampe umri."

Mwenye mfuko aliukumbatia mzigo wake. "Wangu yuko mwaka wa tatu. Kila wiki ananitumia nguo kwa treni, nafua, namrudishia."

"Mfundishe, dada. Hujachelewa."

"Halafu? Akijua kufua, mimi ataniletea nini?"

Dereva alifunga breki. Mama Elyor alishuka na mkate wake kifuani. Aliyebaki aliuweka mfuko kwenye kiti kilichoachwa wazi, taratibu, kama anayemkalisha mtoto.

Nilifunga dirisha.