Kisiki Ndani ya Nyasi

Wasikilizaji wapendwa, leo tunaketi na mama aliyefiwa. Tunamkumbuka binti yake, fundi cherehani, ambaye kwa wingi wa maneno wenzake walimwita Chiriku. Chiriku ameuawa na kisiki. Wala si kikubwa. Unene wa kidole gumba.

Kila Jumamosi Chiriku alifunika cherehani yake, akaenda uwandani kujitolea. Yeye na wenzake walikata miche ya miti inayovamia nyasi. Ikiachwa, uwanda unageuka kichaka, na ndege wanaotaga chini wanakosa makao.

"Wenzako wanapanda miti, wewe unaikata!" shangazi yake alimcheka.

"Shangazi, mti ukiota sebuleni kwako utaumwagilia maji?"

Ndiye huyo. Hakukosa jibu.

Kazi ile ina kanuni: mche hukatwa kwa msumeno, sawasawa na ardhi. Lakini msumeno unachelewesha. Chiriku akashika panga. Panga hukata mshazari, kisiki kinabaki na ncha, nyasi zinakificha. Juma lililofuata akapita palepale na ndala, akakikanyaga. Kisiki alichokikata mwenyewe, wasikilizaji. Mwenyewe.

Mama akaona kitambaa mguuni. "Twende zahanati, mwanangu."

"Mama nawe! Kidonda hiki? Nina nguo za watu hapa."

Mama akasema asubuhi, akasema jioni. Sikio la kufa halisikii dawa.

Baadaye taya zikakaza. Hata kijiko cha maji hakikupita. Pepopunda, alisema daktari. Chiriku asiyenyamaza akaondoka kimya, macho kwa mama yake.

Jumamosi iliyopita mdogo wake wa kiume alichukua panga lile. Mama akaziba mlango.

"Hupiti."

"Mama, kazi ya dada ibaki nusu?"

Mama akamtazama miguuni. Ndala! Akampokonya panga, akamletea msumeno na mabuti ya marehemu baba yake. Kisha naye akajifunga kitambaa kichwani, wakafuatana.

Uwandani mama alipiga magoti, akapapasa nyasi kwa kiganja, polepole, kama anayetafuta sindano iliyodondoka.

"Hiki hapa. Kata. Chini zaidi, baba. Na hiki."

Mama, shangazi na mdogo wake Chiriku, poleni sana. Nawe unayejiandaa kwenda, tazama miguu yako. Kata sawa na ardhi. Ukichomwa, usingoje, kachanjwe dhidi ya pepopunda siku hiyohiyo. Mama anarudi tena Jumamosi hii kupapasa. Visiki vya mwanawe bado havijaisha.