Mikwaruzo ya Nestory

Treni ya Mpanda ilikuwa inakaribia Kaliua, na Mwanne alikuwa ameshaacha kujifanya hasikilizi. Mbele yake, kijana mwenye kompyuta mapajani alimweleza bibi mmoja kwamba anakusanya historia ya posti-panki ya Tabora, muziki mkali usiochezeka, ambao vijana wa miaka ya themanini waliupiga kwa kujificha ndani ya mabani ya kukaushia tumbaku.

"Marehemu kaka yangu Nestory alikuwemo," bibi alisema.

"Basi una bahati, mama. Imebaki kanda moja tu, na mikwaruzo yake yote nimeisafisha." Akamvalisha hedifoni, kwa fahari ya fundi aliyemaliza kazi.

Bibi alisikiliza hadi mwisho, amefumba macho. "Gitaa nalisikia, ngoma naisikia. Nestory simsikii. Yeye alikuwa anakwaruza jembe kwenye bati."

Kijana akaitazama kompyuta yake. Mwanne akageukia dirishani, maana kuna nyuso ambazo hata mbea huona haya kuzitazama.

"Kanda yenyewe iko wapi, mwanangu?"

Treni ikafunga breki. Chuma kikasuguana na chuma kwa mkwaruzo mrefu, na bibi akavua hedifoni, akainamisha kichwa kusikiliza.