Lydia Mbeyu Iha, Aliyeutunga Mchezo wa Dungu (1961–2025)

Lydia Mbeyu Iha alizaliwa hapa Kilelengwani tarehe 14 Agosti 1961, mtoto wa tatu wa Mzee Iha na Mama Kahaso, wakulima wa mpunga.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini hadi darasa la saba, mwaka 1976. Alifaulu vizuri na kupata nafasi ya sekondari, lakini nafasi hiyo ikaachwa ipite. Mpunga ulikuwa umeanza kuzaa na nyumbani hapakuwa na mtu mwingine wa kuamia ndege wasile mpunga. Kwa miaka saba alisimama juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, kombeo mkononi, tangu kupambazuka hadi ndege walipokwenda kulala. Hakuna aliyemfundisha kucheza. Alijifunza kwa kurusha mawe, kugeuka, na kungoja.

Mwaka 1984, siku ya mnada wa mifugo Garsen, alisimama katikati ya watu akacheza mchezo aliouita Dungu. Hapakuwa na ngoma wala wimbo. Palikuwa na pumzi zake na mvumo wa kombeo tupu. Bwana Guracha, dalali wa ng'ombe, akapaza sauti: "Wewe dada! Unafukuza ndege gani? Hapa iko ng'ombe tu!" Mnada mzima ukaangua kicheko. Mbeyu hakusimama. Alipomaliza, Bwana Guracha alikuwa bado ameshika kamba ya fahali aliyekwisha kuuzwa, na mnunuzi anamngoja.

"Sasa hiyo ni nini?" akauliza.

"Ni mimi," Mbeyu akajibu.

Bwana Guracha yuko nasi leo. Yeye mwenyewe ameomba jambo hili lisomwe.

Tarehe 6 Desemba 1986 marehemu aliolewa na Hiribae Komora, dereva wa lori, wakajaliwa binti mmoja, Kahaso, aliyepewa jina la bibi yake. Hiribae hakumkataza mkewe kucheza. Alimkataza kusema, akirudi nyumbani, kwamba amechoka. Hiribae alifariki mwaka 2003.

Mwaka 1989 marehemu aliondolewa katika kwaya ya kanisa kwa barua, akiambiwa kwamba miondoko yake haina adabu. Barua hiyo ilisainiwa na katibu wa vijana, mdogo wake Safari, ambaye karo yake ya chuo kikuu ilitoka kwenye miguu hiyo hiyo, iliyokuwa ikicheza mbele ya wageni wa hoteli za Malindi. Safari ndiye anayewasomea maneno haya.

Kuanzia mwaka 1995 aliwafundisha wasichana wa Garsen uani kwake, bila kumbagua yeyote. Baadhi yao wakawa walimu, wakaupeleka Dungu Kipini, Hola na mbali zaidi. Jina lake likadondoka njiani. Mwaka 2016 alipeleka wanafunzi wake kwenye tamasha la muziki la shule, na mwamuzi mmoja kijana akawapunguzia alama.

"Mama, mchezo huu ni wa mababu, una taratibu zake," alimwambia. "Nyinyi hamkuzingatia asili."

"Mwanangu, asili yake ndiyo hii imesimama mbele yako."

Mwamuzi akacheka, akidhani anataniwa. Cheti walichopewa siku hiyo marehemu alikitumia jikoni kupepea moto, mpaka kikaungua pembe zote.

Mwezi Machi 2023 alipatwa na kiharusi kilichoukausha upande wa kulia, upande wa kombeo. Aliendelea kufundisha akiwa kitini, kwa mkono wa kushoto na kwa ukali. Siku moja alimwita mdogo wake. "Safari, mkinizika msiseme nilipenda ngoma za asili. Mimi nilitunga. Useme wewe, kwa mdomo wako." Safari akaahidi. Marehemu alifariki hospitalini Malindi, Ijumaa tarehe 7 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, Kahaso akiwa amemshika mkono.

Rasimu ya kwanza ya karatasi mliyoshika, iliyotoka kwa kamati ya mazishi, ilisema: "Alipenda sana ngoma za asili." Sentensi hiyo imefutwa. Mchezo wa Dungu ulitungwa na Lydia Mbeyu Iha, katika shamba la baba yake hapa Kilelengwani, kati ya mwaka 1977 na 1983. Walimu mlioko hapa mnajua mlikoutoa. Kawaambieni watoto.

Kamati imeomba Dungu usichezwe kaburini. Kahaso amesikia ombi hilo, na amekuja na kombeo.

Marehemu ameacha binti yake Kahaso, wajukuu wanne, mdogo wake Safari, na wanafunzi ambao idadi yao aliijua yeye peke yake. Barua ya mwaka 1989 haikuwahi kufutwa. Aliyeisaini anaifuta leo mbele ya jeneza, akiwa amechelewa miaka thelathini na sita, na hana wa kumjibu.

Pumzika, dada Mbeyu. Sasa una ruhusa ya kusema umechoka.