Ushanga Mweusi wa Mwalimu Nakuleu

Ejok, hamjambo nyote, mlio chini ya hema na mliokosa hema, mliokuja kwa pikipiki kutoka Lorugum na mliosimama nyuma ya lori kutoka Kakuma mpaka mkafanana rangi na barabara, familia inawashukuru na inaomba msogee karibu na maiki, kwa maana maisha ya marehemu yalikuwa na jambo moja kubwa, na leo tutalisoma lote.

Mwalimu Salome Nakuleu Longor alizaliwa tarehe 14 Machi 1976 huko Lorugum, mtoto wa nne wa marehemu Mzee Longor, mfugaji, na Mama Veronika, ambaye ameketi hapa mbele na masikio yake ni mazima, kwa hiyo wanaouliza chakula kitaiva saa ngapi wanong'one.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1984, baada ya baba yake kukataa kwanza, akisema mbuzi hawajui kusoma na hawajawahi kulalamika, basi Nakuleu akaenda shuleni na mbuzi wenyewe, akawafunga nje ya dirisha, na mwalimu alipofundisha irabu wa kwanza kuitikia walikuwa wale wa nje. Alimaliza darasa la nane mwaka 1991, sekondari hapa Lodwar mwaka 1995, akasomea ualimu kuanzia 1997 hadi 1999, na Januari 2001 akapelekwa kufundisha shule ya msingi Kakuma.

Tarehe 18 Desemba 2004 alifunga ndoa hapa Lodwar na Bwana Wekesa, fundi wa pampu za visima kutoka Bungoma, ambaye alipotajiwa ngamia wa mahari aliuliza kwa heshima zote kama kuku wangekubalika, na wakwe hawajamaliza kucheka hadi leo. Mungu akawajalia Tabitha, Enos na Akiru.

Tangu mwaka 2002 marehemu alifundisha shule ya Jumapili katika kanisa lake Kakuma, darasa la wadogo kabisa, watoto wa mjini na wa kambi ya wakimbizi, kina Nabei, Abuk na Manyang, wote juu ya mkeka mmoja. Somo alilokabidhiwa lilikuwa uzi wenye shanga tano, nyeusi ni dhambi, nyekundu ni damu ya Yesu, nyeupe ni moyo uliooshwa, kijani ni kukua, rangi ya dhahabu ni mbinguni, na mwenye nyeusi moyoni akifa nayo anachomwa moto. Alilifundisha kwa wimbo na makofi, miaka kumi na tisa, wala hakuna mtu mzima aliyeuliza swali.

Jumapili tarehe 13 Juni 2021 alilifundisha kama kawaida. Kesho yake mchana, Nabei, mtoto wa miaka sita, alimkuta nyanya yake amelala, shingo imejaa shanga alizovaa tangu kuolewa, na nyingi ni nyeusi, akachukua wembe, akakata nyuzi, akachambua nyeusi zote kama mtu anayetoa mawe kwenye maharagwe, akaenda kuzizika katika mchanga wa laga, ule mto mkavu. Nyanya aliamka, akapapasa shingo tupu, akapiga ukemi, kwa sababu yeye huzivua shanga zake siku ya msiba tu, akawa anauliza, nani amekufa, jamani, mbona mnanificha, na Nabei akamshika mkono akamwambia, "Hakuna aliyekufa, nyanya, nimekutolea dhambi, sasa hutachomeka."

Nakuleu aliitwa, akafika mbio, na ule uzi wa somo ungali mfukoni. Kilio cha nyanya angekivumilia, kilichomvunja ni kwamba mtoto alikuwa amefurahi, anangoja kupigiwa makofi, na alipoona hapigiwi akauliza, "Mwalimu, shanga nimemaliza, na ngozi je, ngozi ya nyanya inatolewaje?"

Nakuleu alishinda laga pamoja nao, magotini, wakipepeta mchanga kwa chekeche ya unga mpaka zikapatikana karibu zote, na nyanya, aliyekuwa na haki ya kumfukuza kwa fimbo, akamfunga ushanga mmoja mweusi mkononi akisema, "Huu ni wako, ukisahau utauona."

Hakusahau. Kuanzia hapo aliwaambia watoto kwamba dhambi haina rangi, dhambi ni kula nyama nyuma ya nyumba ilhali ndugu yako ana njaa mbele, ni kudanganya mpaka mwenzako achapwe kwa ajili yako, na wokovu ni kwamba ulipotea kule porini na kuna mmoja aliyeacha kila kitu akakutafuta, anakujua kwa jina, na amekuja na maji. Wakaelewa, tena sana, hata Manyang, bingwa wa sukari za watu, akamrudishia jirani nusu kilo, ijapokuwa mfuko ulikuwa umerambwa.

Lakini Mwenyekiti wa wazee wa kanisa, Mzee Lomunokol, akamwita mbele ya baraza akamwambia, "Mama, bila nyeusi hakuna damu, na bila damu unawafundisha watoto hadithi za mbuzi." Nakuleu akajibu, "Mzee, mama yako amevaa nyeusi shingoni, umeshamwambia anakokwenda?" Jibu lilikuja tarehe 3 Oktoba 2021, ilipotangazwa kanisani kwamba asifundishe tena na asishiriki meza ya Bwana.

Januari 2024 aliugua figo, akahamia hapa Kanamkemer, Lodwar, kuwa karibu na hospitali, na katika ugonjwa wote huo hatukuona hata kivuli cha mtu wa baraza. Alifariki Ijumaa tarehe 9 Mei 2025 alfajiri, mumewe ameushika ule mkono wenye ushanga.

Juzi, mlangoni pa mochari, Mzee Lomunokol alimwambia Wekesa kwamba kanisa litamzika ikiwa tu historia hii itasema marehemu alitubu mafundisho potofu, na ushanga ukatwe. Mochari, waombolezaji, mtu angali ananuka dawa za maiti! Wekesa aliinama, kwa sababu mkewe alilipenda kanisa hilo, na jambo pekee alilokuwa akiliogopa marehemu ni kuzikwa bila maombi kama mtu asiye na kwao. Alirudi nyumbani akaketi, kisha akasema, "Hakutubu hilo. Hatumsingizii maiti."

Mzee Lomunokol, uko pale kiti cha tatu, Biblia imefungwa magotini, unangoja sentensi yako, basi sikia tuliyo nayo. Mwalimu Nakuleu alitubu. Akiwa mgonjwa, miguu imevimba, alipanda bodaboda nyumba hadi nyumba, Kakuma na hapa Lodwar, akiwatafuta aliowafundisha, wengine sasa wana ndevu na watoto, akawaambia, nilikutisha kwa moto ukiwa mdogo, nikakufundisha kuichukia rangi ya mama yako, nisamehe. Hayo ndiyo mafundisho potofu aliyoyatubu, na uzi aliofundishia ungali umening'inia kanisani kwako, na Jumapili hii kuna watoto watakaouimbia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kanamkemer kwa maji na kuni, walimu wenzake wa Kakuma, na nyanya wa Nabei, aliyekuja kwenye lori na shanga zake zote shingoni, ingawa ni siku ya msiba.

Ushanga haukukatwa, anakwenda nao. Biblia ya Mzee isipofunguka hatutagombana nayo, maombi ya kaburini yataongozwa na Nabei, ambaye sasa ana miaka kumi na anajua kwamba ngozi haitolewi.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, hasira tuachie sisi, bado tuna kazi nayo.