Mzee Sikiliza, Fundi wa Lifti na Hakimu wa Magari ya Watu

Mlioketi na mliosimama, poleni, na asanteni kwa kufika. Habari zinazosomwa hapa ni za shemeji yangu, mume wa dada yangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Sikiliza. Familia ilitafuta mtu wa kuandika. Wasomi walikuwepo, wakatazamana, mwisho kalamu nikapewa mimi niliyeishia njiani, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri na sauti yangu haihitaji kipaza sauti. Hilo halina ubishi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu kati ya watano wa mpishi wa bweni na mshonaji wa mapazia, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Malori ya kiwanda yalipita dirishani kuanzia alfajiri. Mama yake alisimulia kwamba kabla mtoto hajajua kuomba maji vizuri, alikuwa anataja dereva anayekuja kwa kusikia mlio wa lori lake tu. Mimi sikuwepo, nayasema kama nilivyopewa.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa mkabala na stesheni, kisha sekondari, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu mambo ya umeme na mitambo mwaka 1980. Darasani alikuwa wa katikati. Mwenyewe alisema hapo ndipo pazuri, maana mwalimu hakukumbuki kwa fimbo wala kwa zawadi.

Tangu mwaka 1981 hadi alipostaafu mwaka 2018 alikuwa fundi wa lifti katika jengo la ofisi la ghorofa kumi. Akiingia kwenye lifti iliyolalamikiwa hakugusa kitufe. Alisimama, akafumba macho. Mtu akianza kueleza, aliinua kidole: “Sikiliza kwanza.” Alimwambia hivyo hata mkurugenzi, na ndipo jina likamganda.

Chini ya jengo hilo kulikuwa na maegesho, na huko ndiko marehemu alikofungua mahakama yake. Aliamini gari ni lifti iliyolala ubavu, basi anayejua moja anajua yote. Kila aliyenunua gari alimpitishia. Marehemu hakukaa mbele. Alikaa kiti cha nyuma, upande wa kushoto, akaomba azungushwe. Alisema mwenye gari hulipenda gari kwa sababu usukani uko mikononi mwake. Abiria wa nyuma hana cha kupenda, kwa hiyo anasema kweli. Akishuka ananusa zulia kama limewahi kunywa maji ya mafuriko, anatazama mpira wa pedali. Mpira umelika mpaka chuma, na saa ya kilomita inasema gari limetembea kidogo? “Hili limedanganya umri,” anasema, “kama shemeji yangu.” Shemeji ndiye mimi. Nilivumilia.

Magari ya siku hizi hayakumpendeza. Alisema yote yamekunja sura kama yanadai mtu. Alisema hayana tairi la akiba, unapewa chupa ya povu, na mtu anayesafiri hivyo ni sawa na anayekwenda safari bila nguo ya kubadili. Alisema magurudumu makubwa yenye tairi jembamba ni viatu vya harusi kwenye njia ya mawe. Na watu wanaofunga mlango wa gari jipya ili wasikie unavyolia “dup,” wakatikisa vichwa kwa kuridhika, aliwaambia: “Unanunua gari au unanunua mlango?” Siku moja karani wa ghorofa ya saba alikuja na gari lenye kioo kikubwa kuliko televisheni ya sebuleni kwangu, na yangu si ndogo.

“Mzee, umelionaje?”

“Hicho kioo ni cha nini?”

“Kila kitu kimo humo. Redio, ramani, baridi, joto.”

“Na ukitaka kupunguza baridi ukiwa kwenye kona?”

“Rahisi tu. Unagusa hapa, halafu hapa, halafu unachagua...”

“Umeshagonga mtu,” marehemu akamwambia, akashuka.

Asidhani mtu kwamba hakukosea. Jirani yetu mwalimu yuko hapa, asijifiche nyuma ya mwenye kofia. Alishauriwa na marehemu anunue lile gari kubwa la dizeli, “chuma cha kuzikana nacho.” Lilifika uani kwake likakataa kutoka. Sasa kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Marehemu alipoulizwa alijibu kwamba alikuwa sahihi, kwani gari halijaharibika zaidi ya hapo.

Tarehe 20 Desemba 1986 alimwoa dada yangu. Wakati huo katika ukoo wetu mwenye gari nilikuwa mimi peke yangu, nikajitolea kumbeba bwana harusi. Akapanda nyuma, akafumba macho. Hatujafika njia kuu akanigusa bega: “Shemeji, gari lako linakohoa. Nishushe nitembee, nisije nikachelewa.” Nikamcheka. Alifika kwa miguu, suti imejaa vumbi, na mimi nilifika wakati watu wanakula. Waliishi pamoja karibu miaka thelathini na tisa, na walijaliwa binti mmoja na wavulana wawili. Aliendesha gari moja tu, saluni ya kijivu, aliyoiosha mwenyewe kila Jumamosi. Alisema usimiliki gari unaloogopa kuliosha, wala gari ambalo spea yake mpaka upige simu ng'ambo.

Sasa nafika kwa binti yake, yule anayefanya kazi maabara. Mwaka jana, mwezi wa Agosti, binti alinunua gari dogo la umeme bila kumuuliza baba. Alilileta akalisimamisha kando ya saluni, anacheka. Marehemu alilizunguka, mikono nyuma. Akatafuta injini ilipo, hakuiona. Akasema, mbele ya majirani, “Hii ni simu yenye magurudumu. Gari lisilo na mlio ni kama mtu anayepita bila salamu.” Binti akamfungulia mlango wa nyuma wa kushoto. Baba hakupanda. Tangu siku ile binti akija nyumbani aliliacha gari nje ya geti. Walisalimiana, walikula pamoja, lakini habari ya magari haikutajwa tena, na kwa watu wale wawili hiyo ilikuwa habari kubwa kuitoa mezani.

Mwezi wa Juni mwaka huu marehemu alianza kuvimba miguu. Madaktari walisema moyo umepanuka. Mguu ukashindwa kukanyaga klachi, saluni ikafunikwa turubai. Wavulana wako mbali, mimi macho yangu ya kuendesha yamekwisha, ingawa nikiamua naweza. Binti akaja na gari lake, akaliingiza hadi mlangoni. Baba alipanda nyuma, kushoto, nikapanda pembeni yake nimshike. Hivyo ndivyo tulivyokwenda kliniki, tukarudi, tukaenda tena. Kila tukifika binti alitazama kwenye kioo cha juu, akauliza, “Baba, unajisikiaje?” Sote mle ndani tulijua anauliza nini kingine. Baba akajibu, “Kifua kinabana kidogo.”

Alilazwa tarehe 4 Septemba, na alifariki Jumanne, tarehe 9 Septemba, asubuhi, nesi akiwa anabadilisha shuka la kitanda cha jirani. Sijui niandike nini zaidi hapo. Tangu siku hiyo nimebeba viti, nimesaini karatasi, nimekula nilichowekewa. Dada yangu ameketi kitandani, anakunja shati moja, analikunjua. Watu wameniomba niseme utani wangu wa kawaida. Nimeusema. Nimeusikia ukitoka, kama unatoka kwa mtu wa chumba cha pili.

Juzi, mbele ya shangazi zake, binti alisema kwamba tukishazika analiuza gari lile. Alisema: “Baba alilikataa. Nilimbeba kwenye kitu alichokikataa mpaka siku ya mwisho.” Hakulia. Alikuwa anaosha vikombe.

Binti, nisikilize hapo ulipo. Siku ile ya kumpeleka kulazwa, ulishuka duka la dawa, sisi tukabaki ndani ya gari, madirisha yamefungwa. Baba yako alifumba macho. Nikadhani amezidiwa, nikamshika mkono. Akaniambia, “Shemeji, tulia. Kwenye gari langu nilikuwa sijui kinachodunda ni mimi au injini. Humu najisikia mwenyewe.” Nikamuuliza, basi ni gari au ni simu? Akasema, “Ni gari. Ni gari zuri. Mtoto alijua anachonunua.” Nikashika kitasa nikuite. Akanikatalia. “Nikimwambia leo, atasema ugonjwa umenilegeza. Nitamwambia mwenyewe nikitoka, nimesimama kwa miguu yangu.” Ukarudi na mfuko wa dawa, ukauliza anajisikiaje. Akakwambia kifua kinabana. Na kweli kilikuwa kinabana.

Hakusimama tena. Maneno yalikuwa yake ya kusema, yamebaki kwangu, nayatoa mbele ya watu wote hawa ili pasiwe na wa kusema nimeyatunga. Ukitaka kuliuza kwa sababu nyingine, liuze, gari ni chuma. Kwa sababu hiyo, usiliuze. Baba yako hakulikataa. Alichelewa kusema.

Marehemu ameacha mjane, ambaye ni dada yangu, binti, na wavulana wawili waliofika jana, wajukuu wanne, dada yake mmoja na mdogo wake mmoja, mafundi aliowafundisha, na mimi shemeji yake, niliyebaki sina wa kuniambia nakosea.

Mzee Sikiliza, ulale pema na utulie, Muumba akupokee. Hakuna anayekuharakisha.